Picha ya dishi ikikwamakwama: anzia kwenye menyu, usianzie juu ya bati

Mvua zinapoanza Kigoma mwezi Novemba, malalamiko ya televisheni za dishi nayo huanza: picha inaganda, inavunjika miraba miraba, sauti inakatika, mwishowe kioo kinabaki na maandishi kwamba hakuna mawimbi. Wengi hukimbilia kupanda juu ya bati kulisukumasukuma dishi, au kununua king'amuzi kingine. Sisi tunaofundisha ufundi wa elektroniki tunaona kila msimu jinsi king'amuzi kinavyosingiziwa, kumbe ni kizima. Fedha hiyo ingebaki nyumbani kama mwenye nyumba angejua namna ya kuiuliza TV yake inaumwa wapi.

Chukua rimoti ya king'amuzi, fungua menyu. Maandishi ya menyu hutengenezwa na king'amuzi chenyewe, hayatoki angani. Kama nayo yana ukungu, yanachezacheza au yamepoteza rangi, usihangaike na dishi. Tatizo liko kati ya king'amuzi na TV, na mara nyingi ni ule waya wa vichwa vya njano, nyekundu na nyeupe uliolegea au kushika kutu. Badilisha waya kwanza. Kama menyu ni safi lakini chaneli ndizo zinazokwama, hapo sasa tunaanza kufuatilia mawimbi. Na kama chaneli hazikwami ila picha haina makali kwenye TV mpya kubwa, fahamu kwamba chaneli ya kawaida hurushwa kwa mistari 576 wakati kioo chako kina 1080 au zaidi. Hapo hakuna kilichoharibika.

Ndani ya menyu hiyohiyo upo ukurasa wa mawimbi wenye mistari miwili: nguvu na ubora. Watu hutazama nguvu, wakiona iko juu wanaridhika. Tazama ubora. Nguvu hupima kila kinachoshuka kwenye waya, zikiwemo kelele za LNB yenyewe (kile kichwa kilicho mbele ya dishi kinachopokea mawimbi), hivyo dishi linaweza kuwa limeelekea satelaiti nyingine kabisa na nguvu ikasoma vizuri. Ubora ndio unaoonyesha kama king'amuzi kinaelewa kinachopokea. Nguvu ikiwa juu na ubora sifuri, shuku dishi limehama. Vyote viwili vikiwa sifuri, shuku waya uliokatika au kupata shoti, au LNB iliyokufa. Ubora ukipanda na kushuka kila upepo unapovuma, kuna nati imelegea.

Enzi za matangazo ya analojia, ambayo Tanzania ilianza kuyazima tarehe 31 Desemba 2012, mawimbi yakidhoofu ulipata chenga lakini msomaji wa habari ulimwona. Dijitali haiko hivyo. King'amuzi husahihisha makosa kimyakimya mpaka kizidiwe, kisha picha huvunjika ghafla. Kwa hiyo picha nzuri wakati wa jua kali haithibitishi kwamba dishi limekaa sawa. Huenda limebakiwa na akiba ndogo tu ya ubora, na wingu la kwanza likaimaliza.

Suala la mvua lina sura yake hapa Kigoma. Madishi mengi madogo hutumia masafa ya Ku, kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, ambayo matone makubwa ya mvua huyafyonza. Dishi linalotafuta satelaiti iliyoko juu ya longitudo ya digrii 7 mashariki, yaani magharibi mwa Kigoma, kwa mtu wa Ujiji au Mwanga, huelekea karibu magharibi kabisa, upande wa Ziwa Tanganyika na Kongo, likiinuka kama digrii 63. Kwa hiyo mvua iliyoko ziwani, kilomita moja au mbili kutoka kwako, inaweza kukata picha wakati uwanja wako bado mkavu. Dishi la satelaiti ya digrii 36 mashariki hutazama karibu utosini, kama digrii 80, likielemea kaskazini mashariki. Hilo hulala chali zaidi, na vumbi na majani hukaa ndani yake. Mvua kubwa ikikata picha kwa dakika kadhaa kisha picha ikarudi, acha kila kitu kilivyo. Lakini ikiwa mvua imekwisha na picha hairudi mpaka jua likaushe, maji yameingia mahali.

Mahali penyewe mara nyingi ni konekta iliyo nyuma ya LNB. Zima king'amuzi ukutani kwanza, kisha ifungue utazame. Shaba ya katikati inatakiwa kung'aa na kutokeza milimita 2 au 3. Ikiwa ya kijani au nyeusi, kata kipande hicho cha waya na ufunge konekta mpya. Angalia pia nyuzi za ule wavu wa nje, kwani uzi mmoja ukiigusa shaba ya katikati ni shoti. Geukia uso wa LNB: kifuniko cha plastiki kikipasuka, maji huingia, na nyigu nao hupenda kujenga pale. Waya unapoingia ndani ya nyumba, uache ujipinde kwanza kwenda chini ili maji yadondokee nje.

Kuna dalili moja inayowachanganya hata mafundi: baadhi ya chaneli ni safi, nyingine hazipo kabisa. King'amuzi huiamuru LNB kwa umeme mdogo unaopita kwenye waya uleule, volti 13 kwa mawimbi yaliyosimama na volti 18 kwa yaliyolala. Waya ukiwa mrefu mno, wenye viungo vingi au maji, volti 18 hufika zimepungua na LNB haibadiliki, basi nusu ya chaneli hupotea. LNB iliyozunguka kwenye kishikio chake huleta dalili inayofanana.

Karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba, picha inaweza kupotea mchana kwa dakika chache, siku kadhaa mfululizo. Jua linakuwa limepita nyuma ya satelaiti. Usiguse kitu.

Dishi likiwa limehama kweli, mwite fundi. Satelaiti iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na ukikosea digrii moja hapa chini, kule juu umeikosa kwa zaidi ya kilomita 600. Tafadhali usipande bati lililolowa, wala kukaribia dishi radi zinapopiga au palipo na nyaya za umeme karibu. Fundi akimaliza, kabla hujamlipa, mwambie akuonyeshe ubora kwenye chaneli kadhaa, zikiwemo zile zilizokuwa zimepotea. Iandike namba hiyo kwa kalamu ya wino chini ya king'amuzi pamoja na tarehe, ili picha ikianza tena kukwama ujue ubora umeshuka kutoka wapi.