Je, wajua kwa nini kompyuta huacha kitu kisogee kabla hakijateleza?

Sukuma kitabu kizito mezani kwa kidole. Mwanzoni hakiendi, ukiongeza nguvu kidogo kinachomoka. Kwa kanuni inayoitwa ya Coulomb, kani ya kukichomoa ni kani inayokigandamiza mezani mara kipimo cha msuguano. Kikigandamizwa kwa nyutoni 100 na kipimo kikiwa 0.3, kitateleza ukifika nyutoni 30. Kabla ya hapo, hakisogei.

Hapo ndipo uigaji wa elementi finiti, yaani kukokotoa kwa kompyuta kitu kilichogawanywa vipande vidogo viitwavyo elementi, unapopata taabu. Programu hutafuta jibu kwa kukisia, kupima kosa, kisha kukisia tena. Tabia inayoruka ghafla kutoka "nimeganda" hadi "nateleza" huivuruga. Kwa hiyo hufanya ujanja: hupachika springi ya kubuni kati ya nyuso mbili, ikivuta sambamba na uso. Ukisukuma, springi hunyumbuka kidogo. Ikifika nyutoni 30, kitu huachiwa kiteleze.

Tatizo ni ugumu wa springi hiyo. Ukiuweka nyutoni 10 kwa milimita, kitabu kitasogea milimita 3 nzima kabla ya kuteleza, jambo ambalo hata mtoto ataliona ni uongo. Ukiweka 100,000, kitasogea milimita 0.0003 tu. Safi, lakini sasa umeurudisha ule mruko wa ghafla ulioukimbia: nukta za mgusano zinaganda, zinateleza, zinaganda tena kila duru ya kukisia, na hesabu haitulii.

Kwa maoni yangu kosa ni kuanza na ugumu wenyewe. Anza na swali hili: naweza kuvumilia msogeo wa uongo kiasi gani? Abaqus, mojawapo ya programu za uigaji huu, usipoiambia kitu, huruhusu 0.005 ya urefu wa kawaida wa elementi kwenye uso wa mgusano. Elementi ya milimita 2 inakupa milimita 0.01, gawa 30 kwa 0.01, ugumu ni 3,000. Kisha uzidishe mara kumi uendeshe tena. Jibu lisipobadilika kwa maana yoyote, tulia.

Ila ukichunguza uchakavu wa viungo vya mashine vinavyotetemeka, ambako nyuso huchezacheza kwa mikroni chache tu, hiyo milimita 0.01 ni mikroni 10. Springi itaumeza mchezo wote, na programu itakuambia hakuna kilichoteleza.