Gololi za jeli na vichezeo vya kuvimba: hapana, sio "maji tu"

Juzi nimeisikia tena, na safari hii mara mbili kwa siku moja, asubuhi kwa baba mmoja na jioni kwa bibi aliyemleta mjukuu, watu wasiojuana kabisa lakini maneno ni yale yale utadhani wamekariri darasa moja: "Dokta, kameza kimoja tu, halafu si maji tu yale, yatatoka na choo." Huwa najikaza nisikunje uso, manake mzazi aliyemleta mtoto kafanya la maana kuliko yule aliyebaki nyumbani kusubiri choo, ila uvumilivu umeniishia jamani ndo maana naandika.

Naongelea zile gololi ndogo za rangi unazoloweka zinavimba, pamoja na ndugu zake wote: mayai ya dainasori yanayoanguliwa kwenye maji, vidonge vya sponji vinavyofumuka vikawa wanyama, na risasi za jeli za zile bunduki za kuchezea.

"Si maji tu, yatatoka na choo"

Hii ndo inayonimaliza. Gololi ikishavimba ni kweli karibu yote ni maji, sibishani na hilo, lakini maji yale yameshikwa na polima inayokunywa maji, ukoo mmoja na ule ungaunga wa ndani ya pampasi. Chukua pampasi iliyolowa uikamue kwa mkono, uone kama maji yatachuruzika. Hayatoki. Sasa kitu kilichotengenezwa kunywa maji na kuyang'ang'ania unadhani kikifika tumboni kitabadili tabia kwa sababu ni tumbo la mwanao?

Mezani kwangu huwa naweka glasi ya maji na gololi moja ya zile kubwa. Ikiwa kavu haizidi ukucha wa kidole changu kidogo, ngumu, ukiiangusha mezani inalia kama kokoto. Naitumbukiza asubuhi nikianza kazi. Baada ya saa chache ngozi yake inafanya vikunjo vikunjo kama ubongo, manake nje imeshaanza kunywa na ndani bado kukavu. Kesho yake asubuhi imenyooka, inateleza kama samaki, imeshakua mara kadhaa na bado haijamaliza. Zile ndogo za milimita 2 hivi zinaishia kuwa kama gololi ya kawaida ya kuchezea, hizi kubwa zinaweza kupita sentimita 4. Halafu naweka rula pembeni ya glasi na kumwambia mzazi aangalie kidole chake mwenyewe, manake utumbo mdogo wa mtoto mchanga unakaribiana na unene wa kidole cha mtu mzima. Hapo ndo stori ya "itatoka tu" inaanza kukosa nguvu.

Kinachowadanganya watu ni muda. Kitu kikimkaba mtoto kooni unakiona pale pale, anakohoa, anabadilika rangi, mnakimbia. Gololi ya jeli inapita ikiwa ndogo, mtoto anacheza, anakula, analala vizuri, na wewe unajisemea si unaona yuko poa. Kumbe huko ndani inakunywa taratibu. Asidi ya tumbo inaweza kuipunguza kasi kidogo lakini ikishuka kwenye utumbo mdogo inakuta majimaji ya kutosha, inaendelea kuvimba hadi inafika mahali haipiti, mara nyingi kule mwishoni kabla ya utumbo mpana. Ndo mtoto anaanza kutapika siku ya pili au ya tatu au hata baadae, na kwa sababu imeshapita siku kadhaa mzazi hakumbuki hata gololi, anasema kala kitu kibaya. Tunahangaika na dawa za kutapika wakati utumbo umeziba.

Na ndio, nyingi zinatoka zenyewe! Hili silifichi, watoto wengi wanameza moja au mbili ndogo zinapita na hakuna kinachotokea, na hao ndo wanaotengeneza ushuhuda wa "hata wa dada yangu alimeza zikatoka". Ila wewe na mimi hatujui ya mwanao iko kundi gani, na haitupi taarifa. Mwaka 2023 huko Marekani mtoto wa miezi 10 alifariki baada ya kumeza hizi gololi, na mwisho wa mwaka huo huo Amazon, Walmart na Target wakatangaza wanaacha kuuza zile zinazotangazwa kuwa za watoto. Tume yao ya usalama wa bidhaa, CPSC, inakadiria watoto na watu wengine kama 7,800 walitibiwa vitengo vya dharura kwa ajili ya gololi hizi kati ya 2016 na 2022. Hao wote si kwamba hawakuwa na mtu wa kuwaambia "maji tu yale".

Kwa hiyo kameza, au unahisi kameza, au umekuta pakiti imemwagika na mtoto anatambaa karibu yake: njoo siku hiyo hiyo, usisubiri dalili. Usimtapishe. Usimnyweshe mafuta wala maji mengi "kuisukuma". Na kuna mzazi mmoja aliyesoma sehemu kwamba chumvi inaifanya gololi isinyae, akaniuliza ampe mtoto maji ya chumvi kiasi gani. Hapana hapana hapana! Chumvi kweli inaisinyaza kwenye bakuli, lakini kiasi cha kufanya hivyo tumboni kinaweza kumuua mtoto kabla ya gololi yenyewe. Kama anatapika, hasa matapishi ya kijani, tumbo limejaa, anakataa kunyonya au kula, analegea, hapo hata mavazi usibadilishe, twende.

Na njoo na gololi! Huu ni wimbo wangu kila mtu kazini ameshauchoka. Weka chache kavu kwenye mfuko, na pakiti yenyewe kama ipo. Nikiziona kavu najua ni za ukubwa gani, naweza kuloweka moja pale pale nikajua huko ndani tunasubiriana na kitu cha ukubwa gani. Mzazi akija mikono mitupu anasema "zilikuwa hivi hivi dokta" huku anaonyesha kwa vidole, na vidole vya mzazi mwenye hofu havipimi.

"Eksrei ilikuwa safi kwa hiyo hakumeza"

Rudi kwenye ile glasi yangu. Gololi isiyo na rangi ikishavimba ukiiangalia ndani ya maji safi huioni kabisa, unaweza kuapa glasi ina maji matupu mpaka uingize kidole. Eksrei nayo inapata shida inayofanana na hiyo: jeli iliyojaa maji katikati ya tumbo lililojaa maji haina tofauti ya kuonekana. Sarafu inaonekana, betri ya kitufe inaonekana, gololi ya jeli haionekani. Hata sitiskani (CT scan) inaweza kudhaniwa ni majimaji ya kawaida ya utumbo. Altrasaundi ndo inasaidia zaidi, tena kama anayepima ameambiwa anatafuta nini. Ndo maana nasema sema neno gololi za kuvimba mapema pale mapokezi, usingoje uulizwe, manake ukiandikiwa "anatapika" tu utapelekwa njia nyingine kabisa.

Ikikutwa bado iko juu, tumboni kwenyewe, mara nyingine inatolewa kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Ikishashuka ikaziba, ni oparesheni.

"Pakiti imeandikwa haina sumu"

Mara nyingi ni kweli, na wala haihusiani na ninachoogopa. Kizibo cha chupa nacho hakina sumu. Ubaya wa gololi hizi ni ukubwa wake. (Ingawa hata hilo la sumu lisikulaze usingizi: mwaka 2024 CPSC walitoa onyo kuhusu baadhi ya seti zilizokuwa na akrilamaidi kupita kiwango, na hiyo ni kemikali ambayo huitaki mdomoni mwa mtu.)

Na lile neno "inaoza" au "rafiki wa mazingira" pia halimaanishi itayeyuka tumboni, manake kuoza ardhini kunakotajwa pale ni kwa miezi na miaka.

"Ni ya miaka 3 na kuendelea, na wangu ana miaka 6"

Wa miaka 6 sawa. Na yule anayetambaa?

Karibu kila ninayemwona si mwenye kichezeo, ni mdogo wake. Mkubwa kapewa zawadi, kacheza vizuri na adabu zote juu ya meza, moja ikadunda ikaenda chini ya kochi, ikakauka ikarudi kuwa kapunje kagumu, na wiki tatu baadae anayeishi usawa wa sakafu akaikuta. Anayetambaa anasafisha nyumba kuliko fagio na chombo chake cha kuokotea ni mdomo. Pia kuna viwango, kile cha Ulaya EN 71 kinataka kichezeo au kipande kidogo cha kuweza kumezwa kisivimbe zaidi ya asilimia 50 upande wowote, lakini pakiti ile ile ikiandikwa kwamba ni pambo la maua inakuwa sio kichezeo tena, na ikifika nyumbani inachezewa vile vile. Kwa hiyo usisome umri tu, soma na uangalie nani mwingine anaishi humo ndani. Mimi msimamo wangu ni mkali na najua wengine wanaona nazidisha: nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano, hizi gololi zisiingie, hata za kwenye vesi ya maua.

"Mtaalamu alisema zinamtuliza"

Naelewa, hasa wazazi wenye watoto wanaopenda kushikashika vitu, na ni kweli mkono ukizama kwenye bakuli la zile gololi unajisikia vizuri, nimejaribu. Lakini mtoto anayepitia ulimwengu kwa kushika mara nyingi anaupitia na kwa kuonja pia, tena wengine hata wakiwa wakubwa bado wanaweka vitu mdomoni. Mpe beseni la maji yenyewe, vikombe, chujio, na kitambaa, ukae naye hapo hapo bila simu. Ukichoka kukaa, unamwaga maji.

"Imeingia sikioni, nikaweka matone ilainike itoke"

Usiweke KITU. Sio maji, sio mafuta, sio matone ya sikio uliyonayo kwenye friji. Ikiwa kavu ndani ya sikio ndo wakati mzuri wa kuitoa, ukiweka maji umeipa chakula, inavimba inabana ngozi ya ndani na inaweza kutoboa ngoma ya sikio na kuharibu usikivu. Hata anayekupokea hospitali mwambie ni ya kuvimba kabla hajashika bomba la kusafishia masikio, manake kwa uchafu wa kawaida bomba ndo kitu cha kwanza. Puani ni hivyo hivyo, na mtoto anayetoka kamasi zenye harufu tundu moja tu siku nyingi, msimpe dawa ya mafua tena, mleteni aangaliwe.

"Mayai ya dainasori ni makubwa, hayamezeki"

Yai zima halimezeki. Dainasori aliyekaa kwenye maji siku tatu anakuwa laini, mkia unang'atika, na kipande kilichong'atwa bado kina kiu. Vidonge vya sponji mimi naviona vibaya zaidi kwa sababu vinafanana na dawa kabisa, kapsuli ya rangi mbili, halafu ndo tunamfundisha mtoto kwamba vidonge ni vya kuchezea.

"Nimezitupa chooni, yameisha"

Hayajaisha, yamehamia kwenye bomba. Zikavimbe huko mpaka fundi aje. Za kutupa zinyunyizie chumvi nyingi kwenye bakuli (hapa sasa ndo mahali pa chumvi!) ziache zisinyae, chuja, funga kwenye mfuko wa plastiki fundo kali, taka za kawaida, na pipa liwe la mfuniko.

Halafu usiku, watoto wamelala, zima taa zote. Washa tochi ya simu uilaze kabisa sakafuni, iangaze sambamba na sakafu sio kutoka juu, kila kapunje kanatupa kivuli kirefu kuliko kenyewe. Anzia chini ya friji na kwenye kona za kapeti. Mama mmoja aliyeniapia zimeisha zote alirudi siku ya pili na kikopo cha dawa ya kikohozi, ndani kulikuwa na 41, ametumia dakika kumi.