Maziwa hayaoshi mapafu

Huku Changamwe, fundi wa kuchomelea au kijana wa kupakua saruji akitoka kazini hununua pakiti ya maziwa "aoshe kifua". Maziwa ni chakula kizuri, ila kifuani hayafiki. Yanashuka kwa umio hadi tumboni. Hewa ina bomba lake, na unapomeza hufunikwa. Tone likikosea njia, utapaliwa mpaka machozi yakutoke.

Kinachosafisha ni utando wa ndani wa bomba lenyewe. Seli zake ni safu moja, ingawa kwenye hadubini huonekana kama safu nyingi, kwa kuwa viini vyake havilingani kimo. Baadhi hutoa ute unaonasa vumbi. Nyingi zina vinyweleo vinavyopiga mara 10 hadi 20 kwa sekunde, vikiusukuma ute hadi kooni, nasi tunaumeza bila kujua. (Hapo ndipo vumbi na maziwa hukutana: tumboni!) Moshi wa sigara huvilemaza vinyweleo hivyo.

Kwenye vifuko vya hewa, ndani kabisa, vinyweleo havipo. Kuna seli zinazomeza vumbi, lakini la silika (madini yaliyomo kwenye mchanga na mawe) huziua. Barakoa inayobana vizuri hulizuia mlangoni.