Mita moja ya ujazo ya kuni si mita moja ya mti
Wengi huamini kwamba ukinunua mita moja ya ujazo ya kuni, unapata mita nzima ya mti mtupu. Sivyo. Kipimo hicho huhesabu pia hewa iliyo katikati ya vipande.

Chukua kuni zenye urefu wa mita 1, zipange vizuri hadi upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Mti wenyewe humo ni kama asilimia 65 hadi 70 tu, na kuni zilizopinda au zenye vifundo hupunguza zaidi. Zikimwagwa ovyo, mti unaweza usifike hata nusu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, uliza: zimepangwa au zimemwagwa? Wanunuzi wengi hawaulizi, na hapo ndipo wanapopunjwa.

Kosa la pili huzua ugomvi wa bure. Mtu ananunua kuni za mita 1, anakata kila moja vipande vitatu, anazipanga upya, anapata kama mita 0.8 za ujazo na kudhani ameibiwa. Kilichopotea ni vumbi kidogo la msumeno tu. Vipande vifupi hulaliana vizuri zaidi, kwa kuwa pindo la gogo refu limeshakatwa.

Basi pima kabla ya kukata: urefu wa rundo, mara kimo, mara urefu wa kuni zenyewe. Tena chungulia katikati, maana kuni zilizopishanishwa kimsalaba huficha matundu makubwa.