Je, "usiogope" imeandikwa mara 365 katika Biblia?

Ujumbe unaozunguka kwa miaka mingi katika makundi ya waumini hudai kwamba neno "usiogope" limo katika Biblia mara 365 kamili, moja kwa kila siku ya mwaka. (Mwaka mrefu, wenye siku 366, hautajwi.) Hesabu hiyo si sahihi. Anayetaka kuhakikisha na afungue itifaki ya Biblia (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na aya yanamopatikana), au atafute "usiogope" kisha "msiogope" katika programu ya Biblia ya simuni: idadi hutofautiana kati ya tafsiri na tafsiri, lakini haikaribii 365.

Mkanganyiko hutokana na kujumlisha kila aya inayogusa hofu au amani. Yohana 14:27, kwa mfano, husema "Msifadhaike mioyoni mwenu, wala msiwe na woga". Faraja ni ileile, ila neno linalohesabiwa halimo. Tena si kila "usiogope" ni ahadi ya Mungu: katika Waamuzi 4:18 mwanamke aitwaye Yaeli anamkaribisha hemani Sisera, jemadari anayekimbia vita, akimwambia asiogope, na aya tatu mbele anampigilia kigingi cha hema kichwani akiwa usingizini.

Wanaousambaza ujumbe huu hawana nia mbaya. Wengi wamewahi kutulizwa nao usiku wa mashaka. Hata hivyo, tafadhali usiupeleke mbele. Ukitaka kumtia moyo mwenzako, mtumie Isaya 41:10 yenyewe ("usiogope, kwa maana mimi ni pamoja nawe"), ambayo kwa maoni yangu haihitaji kusaidiwa na hesabu.