Balki haiui mpira papo hapo

Mashabiki wengi wa beziboli huamini mwamuzi akitamka "balki", mchezo umekufa palepale. Katika Ligi Kuu ya Marekani sivyo. Balki ni kosa la mrushaji linaloweza kuwahadaa wakimbiaji, yaani wachezaji wa timu inayopiga walio tayari kwenye vituo, mathalani kuanza kurusha kisha akasita. Akisita bila kuurusha mpira, mpira umekufa, yaani mchezo husimama, na kila mkimbiaji hupewa kituo kimoja. Lakini akiurusha hata hivyo, mwamuzi hungoja. Mpigaji akifika salama kituo cha kwanza, na wakimbiaji wote wakasonga angalau kituo kimoja, balki hufutwa na matokeo hubaki. Ni haki kabisa: kwa nini pigo zuri lifutwe kumwokoa aliyekosea? Sharti hilo lisipotimia, adhabu ileile hurudi, na mpigaji huanza upya kwa hesabu ya mirusho mizuri na mibaya aliyokuwa nayo.