Dakika Tatu za Barakoa Kabla ya Nusu Kaputi

Mgonjwa anapolazwa kwenye meza ya upasuaji na kuwekewa barakoa ya oksijeni, mara nyingi moyo humwenda mbio, kwa kuwa mitaani kwetu kusema fulani "amewekewa oksijeni" ni kutangaza kwamba yu taabani. Katika chumba cha upasuaji maana yake ni nyingine kabisa. Hata kijana mwenye afya njema aliyekuja kutolewa kidole tumbo huvutishwa oksijeni hiyo, kwa ajili ya kipindi kifupi ambacho yeye mwenyewe hatakishuhudia.

Dawa ya usingizi ikishaingia mshipani, ikifuatwa na dawa ya kulegeza misuli, mgonjwa huacha kupumua. Mpaka mtaalamu wa usingizi apitishe mrija kooni hadi ndani ya njia kuu ya hewa na kuuunganisha na mashine, mwili huishi kwa akiba iliyomo mapafuni. Mtu mzima akishatoa pumzi ya kawaida hubakiwa na takriban lita 2.5 za hewa. Hata hivyo, hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu, na karibu yote iliyosalia ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Kwa hiyo oksijeni iliyomo humo ni nusu lita hivi au pungufu, ilhali mwili uliotulia hutumia takriban mililita 250 kila dakika.

Kuvuta oksijeni tupu kwa dakika 3, kwa pumzi za kawaida, huiondoa naitrojeni hiyo kidogo kidogo na kuijaza nafasi yake kwa oksijeni, hata akiba ikapita lita 2. Pakiwa na haraka, pumzi ndefu 8 katika dakika 1 hukaribia kufanya kazi hiyo hiyo. Mtu mzima mwenye afya aliyeandaliwa vizuri anaweza kukaa dakika kadhaa, pengine hadi 8, kabla oksijeni ya damu haijashuka kufikia kiwango cha hatari. Asiyeandaliwa huanza kushuka baada ya dakika 1 au 2 tu.

Yote hayo hutegemea barakoa kukaa sawasawa. Upenyo mdogo kando ya pua, ndevu nyingi au mashavu yaliyobonyea kwa kukosa meno huruhusu hewa ya chumbani kuingia, na naitrojeni hurudi nayo. Ndiyo maana sisi wataalamu wa usingizi tunautazama mfuko wa mashine: ukinywea na kujaa kwa kila pumzi, barakoa imebana, ukining'inia bila kusogea, kuna mahali panavuja. Fundo kubwa la nywele za kusuka kisogoni nalo hukifanya kichwa kisilale vizuri, jambo linaloonekana dogo hadi siku linapotusumbua.

Kipimo cha kidoleni, kinachoonyesha kiwango cha oksijeni katika damu, kisitudanganye. Kinaweza kusoma asilimia 100 baada ya pumzi chache tu, wakati mapafu bado yana naitrojeni tele, kwa sababu kinapima damu na si akiba. Mashine yenye uwezo wa kupima oksijeni katika pumzi inayotoka hutueleza ukweli zaidi, nasi hulenga asilimia 90. Piko au rangi ya kucha pia huweza kukivuruga kipimo cha kidoleni, hivyo tunaomba angalau kidole kimoja kiachwe bila rangi.

Wapo ambao akiba yao huisha upesi zaidi. Mama mjamzito ana mapafu yaliyosukumwa juu na tumbo, huku mwili wake ukitumia oksijeni nyingi kuliko kawaida. Mtoto mchanga hutumia karibu maradufu ya mtu mzima kwa kila kilo ya uzito. Mtu mnene akilala chali hupoteza sehemu kubwa ya nafasi ya mapafu. Kwa mtu mnene na mama mjamzito, kuinua kichwa na kifua kwa nyuzi 20 hadi 25 husaidia sana, na kitanda kinachoinuka hakihitaji teknolojia ngeni.

Kwa anayeogopa kufunikwa uso, ni vyema aseme mapema, siku anapoonwa kabla ya upasuaji. Mara nyingi tunamwachia aishike barakoa kwa mkono wake mwenyewe hadi atakapoizoea, kisha tunaibana taratibu huku tukihesabu naye pumzi.